UZI: LIMIT 1 inatoa mstari tofauti kwa kweri ileile. Kosa la PostgreSQL au letu?

#1 Kokoto
Wakuu salaam. Hifadhidata ya mfumo wa malipo imehamishwa kutoka MySQL 5.7 kwenda PostgreSQL 14. Jedwali la miamala lina mistari kama milioni 9. Kweri, yaani ombi la kuleta muamala wa mwisho wa mteja, haijaguswa hata herufi:

```
SELECT id, kiasi, hali, muda
FROM miamala
WHERE mteja_id = 4471
ORDER BY muda DESC
LIMIT 1;
```

Yanatokea mawili. Mosi, asubuhi inatoka id 880213, mchana inatoka 880214, na katikati hakuna muamala mpya wa mteja huyo. Pili, kwa baadhi ya wateja inatoka rekodi ambayo muda wake ni mtupu. Kwenye MySQL jibu lilikuwa moja siku zote. Nini kimebadilika?

#2 Dagaa Mchele
Nawahi siti ya mbele. Waje wenye fani.

#3 Mzizima
Hilo la pili halina mjadala. PostgreSQL inaihesabu NULL (thamani tupu) kuwa kubwa kuliko thamani yoyote, kwa hiyo ukipanga DESC (kubwa kwanza) inatangulia. MySQL inaihesabu kuwa ndogo kuliko zote, ikaenda mkiani, ndiyo maana hamkuwahi kuiona. Oracle iko upande wa PostgreSQL; SQL Server na SQLite wako upande wa MySQL. Bila shaka hiyo mitupu ni miamala inayosubiri majibu, muda unajazwa ikikamilika.

Dawa ni mojawapo ya hizi:

```
ORDER BY muda DESC NULLS LAST LIMIT 1
-- au
WHERE mteja_id = 4471 AND muda IS NOT NULL ORDER BY muda DESC LIMIT 1
```

Chagua ya pili. Indeksi (orodha iliyokwisha pangwa ya kutafutia haraka) ya kawaida ya (mteja_id, muda) ikisomwa kinyumenyume inatoa DESC yenye NULL mbele, basi ukiandika NULLS LAST indeksi hiyo haiendani tena na mpangilio unaoutaka, na injini inarudi kukusanya mistari yote ya mteja na kuipanga upya. Ukiiondoa mitupu kwa WHERE, indeksi inatumika kama ilivyo.

#4 Bi Jedwali
La kwanza nalo linaonekana kwa macho: 880213 na 880214 ni namba zinazofuatana. Hiyo ni sare ya muda. ORDER BY muda DESC inasema nani awe juu muda ukitofautiana. Ukilingana haisemi lolote, na injini ina haki ya kukupa yeyote kati yao.

Sasa sare imetoka wapi? Kama safu ya muda ina DEFAULT now(), jua kwamba now() ya PostgreSQL ni saa ya kuanza kwa transaksheni (kundi la amri zinazokubaliwa au kukataliwa pamoja). Ukiingiza malipo na tozo yake ndani ya transaksheni moja, mistari yote miwili inapata muda uleule hadi mikrosekunde. Anayetaka saa halisi ya kila mstari anatumia clock_timestamp().

Dawa: ORDER BY muda DESC, id DESC LIMIT 1. Kitu cha mwisho kwenye ORDER BY kiwe cha kipekee daima.

#5 Mkorosho
Bi Jedwali yuko sahihi kuhusu sare, ila chanzo kinaweza kuwa kingine. DATETIME ya MySQL usipoitajia desimali inahifadhi sekunde nzima. Data yote iliyohamishwa imekuja bila sehemu ya sekunde, kwa hiyo miamala miwili ndani ya sekunde moja imefungana, hata kama ni ya transaksheni mbili tofauti. Kokoto, hizo id mbili ziliingia kabla au baada ya kuhama?

Na kwa nini MySQL haikuyumba: kwenye InnoDB, injini ya kuhifadhi ya MySQL, kila indeksi ya pili inabeba ufunguo mkuu (hapa id) mwishoni. Indeksi ya (mteja_id, muda) kwa kweli ni (mteja_id, muda, id). Ikisomwa kinyumenyume, sare zinatoka kwa id kubwa kwanza. Mlikuwa mnapata ORDER BY muda DESC, id DESC bila kuiandika. Bahati hiyo haikuhama na data.

#6 Nahodha wa Seva
Sare inaeleza kwa nini wawili wanaweza kutoka. Haielezi kwa nini asubuhi huyu, mchana yule. Hapo lazima kitu kimesogea.

PostgreSQL haiandiki juu ya mstari. UPDATE inaandika toleo jipya la mstari mahali pengine na la zamani linasubiri VACUUM (usafi wa matoleo yaliyopitwa). Kama kuna kazi inayobadilisha hali kutoka INASUBIRI kwenda IMEKAMILIKA, mstari umehama ukurasa (kipande cha faili la jedwali). Tazama mwenyewe:

```
SELECT ctid, xmin, id, hali, muda
FROM miamala
WHERE mteja_id = 4471
ORDER BY muda DESC LIMIT 6;
```

ctid ni namba ya ukurasa na nafasi ndani yake. Endesha asubuhi, endesha mchana, linganisha. Na xmin (namba ya transaksheni) ikifanana kwa mistari miwili ujue iliingia kwenye transaksheni moja, ndiyo hoja ya Bi Jedwali imethibitika.

#7 Gogo la Shamba
Nahodha taratibu hapo. xmin inamtaja aliyeandika *toleo hili* la mstari, siyo aliyeuingiza mara ya kwanza. Ikishapita UPDATE moja ushahidi wa kuingizwa pamoja umepotea. Kinyume chake pia: kazi moja ya usiku ikigusa mistari laki moja, yote itakuwa na xmin moja na hakuna aliyeingizwa pamoja na mwenzake.

Pili, siyo kila UPDATE inahamisha mstari kwa macho ya indeksi. Kama safu uliyobadilisha haimo kwenye indeksi yoyote na ukurasa una nafasi, inafanyika HOT: toleo jipya linakaa ukurasa uleule na indeksi inaendelea kuelekeza palepale. Kinachoua HOT ni viwili. Mtu kaweka indeksi kwenye safu ya hali, au fillfactor (asilimia ya ukurasa inayojazwa wakati wa kuingiza) imeachwa 100, ambayo ndiyo chaguo-msingi la jedwali, kurasa zimejaa pomoni. Pima:

```
SELECT n_tup_upd, n_tup_hot_upd
FROM pg_stat_user_tables WHERE relname = 'miamala';
```

Namba hizo mbili zikikaribiana, nadharia ya mstari kuhama inadhoofika.

#8 Tausi
Mngekuwa SQL Server msingekesha. SELECT TOP (1) na maisha yanaendelea 😂

#9 Bi Jedwali
@Tausi TOP (1) kwenye sare inafanya mchezo uleule. Tofauti ni kwamba ninyi mnayo TOP (1) WITH TIES, inawarudisha wote waliofungana, na inalazimisha ORDER BY iwepo. PostgreSQL ilipata kitu hicho toleo la 13:

```
ORDER BY muda DESC FETCH FIRST 1 ROW WITH TIES
```

Kokoto, weka hiyo badala ya LIMIT 1 kwa mteja 4471. Ikirudisha mistari miwili, sare ipo.

#10 Mzee wa ROWNUM
Kwetu Oracle:

```
SELECT * FROM miamala WHERE mteja_id = 4471 AND ROWNUM = 1 ORDER BY muda DESC;
```

#11 Mzizima
@Mzee wa ROWNUM hiyo usimpe mtu, shikamoo lakini. ROWNUM inagawiwa kabla ya ORDER BY. Inachukua mstari wowote wa mteja, kisha inaupanga huo mmoja. Inatakiwa kweri ya ndani ipange kwanza:

```
SELECT * FROM (
  SELECT * FROM miamala WHERE mteja_id = 4471
  ORDER BY muda DESC, id DESC
) WHERE ROWNUM = 1;
```

Na anayeandika ROWNUM = 2 akitaka wa pili hapati kitu milele, maana namba 2 haigawiwi hadi namba 1 ikubaliwe. Kuanzia 12c andikeni FETCH FIRST 1 ROWS ONLY mpumzike. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye kiwango cha SQL tangu 2008. LIMIT ambayo wote tumeizoea haimo.

#12 Mzee wa ROWNUM
Marahaba. Wengine bado tuna 11g na leseni imelipiwa, tutaitumia hadi ioze.

#13 Kokoto
Asanteni. Nimeleta mpango wa injini wa kutekeleza kweri:

```
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) ...

Limit
  ->  Sort
        Sort Key: muda DESC
        Sort Method: top-N heapsort
        ->  Bitmap Heap Scan on miamala
              Recheck Cond: (mteja_id = 4471)
```

FETCH FIRST 1 ROW WITH TIES imerudisha miwili: 880213 na 880214. Zote ziliingia *baada* ya kuhama. Na n_tup_hot_upd ni kama asilimia 90 ya n_tup_upd.

#14 Bi Jedwali
Baada ya kuhama! Basi ni now() ndani ya transaksheni moja. Nimemaliza.

#15 Mkorosho
Hujamaliza. Inawezekana saa inapigwa na programu, siyo na hifadhidata. PHP ukitumia date('Y-m-d H:i:s') unapata sekunde nzima, na sare zinarudi hata kwenye PostgreSQL. Angalia muda wenyewe: ukiishia .000000 ni programu, ukiwa na mikrosekunde za ajabuajabu zinazofanana kwa wote wawili ni now().

#16 Gogo la Shamba
Mpango umesema jambo muhimu kuliko hayo. Hakuna indeksi yenye muda. Kuna ya mteja_id peke yake, inakusanya mistari yote ya mteja kwa mpangilio wa kurasa, halafu top-N heapsort inabaki na mmoja. Mwenye sare anayebaki anategemea nani kafika kwanza kwenye upangaji. Mteja mwenye miamala 40 hamtaona shida. Wakala mwenye miamala laki tatu, kila kufungua skrini ya salio inasoma laki tatu ili kuonyesha mmoja.

```
CREATE INDEX CONCURRENTLY miamala_mteja_muda_id
ON miamala (mteja_id, muda, id);
```

CONCURRENTLY ili wanaoandika wasizuiwe. Haiendeshwi ndani ya transaksheni (BEGIN), na ikifeli inaacha indeksi mbovu yenye alama ya INVALID. Ifute kwa DROP INDEX kabla ya kujaribu tena.

#17 Dagaa Mchele
Indeksi si inatakiwa iandikwe muda DESC, id DESC?

#18 Gogo la Shamba
Hapana. B-tree, aina ya kawaida ya indeksi, inasomwa pande zote mbili. DESC inakuwa na maana pale tu pande zinapochanganyika, mfano muda DESC, id ASC. Hapa zote zinashuka, ya kawaida inatosha, kwenye mpango utaona Index Scan Backward.

#19 Nahodha wa Seva
Kokoto kabla hujakimbilia indeksi: HOT asilimia 90 ni ya jedwali zima, haikuambii kuhusu mistari hii miwili. Hiyo asilimia 10 inayobaki kwenye jedwali la milioni 9 ni jeshi. Rudi kwenye ctid.

Na swali jingine: programu inasoma seva gani? Kama kuna kigawanyaji kinachopeleka SELECT kwenye replika (seva yenye nakala ya data), asubuhi ulijibiwa na seva kuu na mchana na replika iliyochelewa.

```
SELECT pg_is_in_recovery(), inet_server_addr();
```

#20 Mkorosho
Replika ya streaming ni nakala ya baiti kwa baiti, ctid zinafanana kabisa. Kweri ileile na mpango uleule juu ya data ileile inatoa mshindi yuleyule wa sare. Ikichelewa, sawa, inaweza kukosa mstari. Lakini Kokoto kasema miwili yote ipo tangu zamani. Labda iwe replika ya logical, hiyo inajiwekea mistari kwa mpangilio wake.

#21 Nahodha wa Seva
Ikichelewa inakosa pia UPDATE, bosi. Mstari uliohama kwenye seva kuu haujahama kwenye replika. Tunarudi palepale.

#22 Tausi
Swali la pembeni. Kwani LIMIT 1 yenyewe siyo tatizo? Watu wanaibandika kila mahali kama plasta. Kweri ya ndani inatoa mistari miwili, MySQL inalia kosa 1242, Oracle ORA-01427, SQL Server 512. Mtu anaongeza LIMIT 1, kosa limenyamaza, data mbovu imebaki.

#23 Mzizima
@Tausi leo umenena. Kuna LIMIT 1 mbili tofauti kabisa. Moja ni "nipe wa juu kati ya wengi", ndiyo ya Kokoto, ni halali ikiwa na ORDER BY iliyokamilika. Nyingine ni "natarajia mmoja tu". Hiyo ya pili haitakiwi LIMIT 1, inatakiwa kizuizi kwenye jedwali. Mteja anaruhusiwa kuwa na mkopo mmoja tu ulio wazi? Andika:

```
CREATE UNIQUE INDEX ON mikopo (mteja_id) WHERE hali = 'WAZI';
```

Wa pili akiingia anakataliwa mlangoni.

Na ukitaka kugundua wingi kwenye kodi (msimbo wa programu), omba wawili, siyo mmoja. Ndivyo zana nzuri zinavyofanya: SingleOrDefault ya Entity Framework inatuma TOP(2), sole() ya Laravel inachukua 2, na wote wanalalamika wa pili akionekana. get() ya Django inaomba hadi 21 ili ikuambie kwenye ujumbe wa kosa imekuta wangapi. first() zote zinanyamaza.

Angalizo kwa wa PL/pgSQL (lugha ya kuandikia kodi ndani ya PostgreSQL): SELECT ... INTO inachukua mstari wa kwanza kimyakimya isipokuwa umeandika INTO STRICT. PL/SQL ya Oracle yenyewe ni kali bila kuombwa: ORA-01422 wakizidi, ORA-01403 asipopatikana.

#24 Tamu Kolea
Mimi ni wa apu za simu, SQLite. Huwa naandika tu `SELECT id, kiasi, MAX(muda) FROM miamala WHERE mteja_id = 4471` na inaleta rekodi nzima ya mwisho. Mnajitesa bure.

#25 Bi Jedwali
Hiyo ni hisani ya SQLite peke yake, tangu 3.7.11: ukiwa na MAX moja au MIN moja, safu nyingine zinachukuliwa kutoka mstari wenye thamani hiyo. Ipeleke PostgreSQL inakataa. MySQL 5.7 inakataa pia kama ONLY_FULL_GROUP_BY imewashwa. Ukiizima inakupa kiasi cha mstari wowote kikiwa kimeandamana na MAX ya mwingine, ndoa ya mkeka kabisa.

Na hata SQLite, sare zikiwepo inachagua mmoja wao bila kukuahidi ni yupi. Tofauti nyingine: MAX bila GROUP BY inarudisha mstari mmoja wenye NULL hata kama mteja hana muamala. LIMIT 1 inarudisha sifuri. Kodi inayohesabu mistari ili kujua "yupo au hayupo" itadanganywa.

#26 Mama Salio
Wakuu, na nikitaka wa mwisho wa *kila* mteja kwa ripoti? LIMIT 1 inanipa mmoja wa jedwali zima.

#27 Gogo la Shamba
@Mama Salio njia tatu. Inayokubalika karibu kila mahali ni ROW_NUMBER() OVER (PARTITION BY mteja_id ORDER BY muda DESC, id DESC), kisha kwa nje chukua namba 1. MySQL inaijua kuanzia 8.0, kwa 5.7 haipo. Kwa PostgreSQL kuna fupi:

```
SELECT DISTINCT ON (mteja_id) *
FROM miamala
WHERE muda IS NOT NULL
ORDER BY mteja_id, muda DESC, id DESC;
```

Zote mbili zinapitia miamala yote. Kama wateja ni elfu chache na kila mmoja ana maelfu ya miamala, LATERAL inazipita mbali, maana inagusa indeksi mara moja kwa kila mteja:

```
SELECT w.id AS mteja, m.id AS muamala, m.kiasi, m.muda
FROM wateja w
CROSS JOIN LATERAL (
  SELECT * FROM miamala
  WHERE mteja_id = w.id AND muda IS NOT NULL
  ORDER BY muda DESC, id DESC
  LIMIT 1
) m;
```

Wasio na muamala wanatoweka. Ukiwataka tumia LEFT JOIN LATERAL... ON true. Tausi, kwenu hiyo ni CROSS APPLY na OUTER APPLY.

#28 Mama Salio
Imekubali. Shukrani kiongozi.

#29 Mkorosho
Onyo moja kwa wote wanaoshauri id DESC peke yake badala ya muda. `WHERE mteja_id = 4471 ORDER BY id DESC LIMIT 1` bila indeksi ya (mteja_id, id) ni mtego. Optimaiza (sehemu ya injini inayochagua mpango) inaona LIMIT 1, inadhani miamala ya mteja imetawanyika sawasawa jedwali zima, inaamua kutembea kwenye ufunguo mkuu kutoka mwisho hadi imkute. Mteja aliyelala miaka miwili, inasoma mamilioni. Kwenye mpango utaona `Rows Removed by Filter` yenye namba ndefu. Watu huandika ORDER BY id + 0 kumzuia asitumie indeksi hiyo. Inafanya kazi, ila anayekuja baada yako ataifuta akidhani ni uchafu. Weka indeksi sahihi. MySQL ina ugonjwa huohuo, na kuanzia 8.0.21 ina swichi ya prefer_ordering_index ndani ya optimizer_switch.

Na id kubwa haimaanishi iliyokamilika mwisho. Namba ya sequence (kigawa id) inatolewa wakati wa kuingiza, siyo wakati wa COMMIT (kukamilisha transaksheni). Wa 880213 anaweza kukamilika dakika nzima baada ya 880214.

#30 Bi Jedwali
Kama kivunja sare haijalishi. Kinatakiwa kiwe kilekile kila siku, basi. Hata UUID (kitambulisho kirefu cha kipekee) ya nasibu inafaa kazi hiyo.

#31 Mkorosho
Kwa programu haijalishi. Mteja anayeona "tozo 350" kwenye skrini badala ya "malipo 45,000" inamhusu sana. Kivunja sare cha malipo kinatakiwa kiwe na maana, siyo namba tu. Wekeni safu ya aina na mchuje tozo kabla ya kupanga.

#32 Kokoto
Majibu. Muda wa 880213 na 880214 unaishia .418772 kwa zote mbili. ctid ya 880213 asubuhi (61204,17), jioni (88951,3). Hakuna indeksi kwenye safu ya hali. pg_is_in_recovery() imerudisha f (false, yaani siyo replika) mara zote. Nimeongeza id DESC na muda IS NOT NULL, 4471 ametulia.

Lakini kuna mteja 9026. Hana sare, WITH TIES inarudisha mmoja tu, na jana kweri ya zamani ilimpa majibu mawili tofauti ndani ya saa moja.

#33 Bi Jedwali
.418772 kwa wote. Nilisema now().

#34 Nahodha wa Seva
Na ukurasa 61204 kwenda 88951. Nilisema umehama.

#35 Gogo la Shamba
Bila indeksi kwenye hali umehama vipi? Ama ukurasa ulijaa, ama UPDATE inagusa safu nyingine yenye indeksi. ORM (zana zinazotunga SQL kwa niaba ya programu) nyingine zinaandika safu zote hata usipobadilisha, ila thamani ikiwa ileile HOT haizuiliki. Kokoto, hiyo UPDATE inagusa muda?

#36 Mzizima
Na ikiwa inagusa muda, 9026 ameelezeka bila sare: kazi ya usuluhishi wa hesabu inarudisha muda nyuma kulingana na faili la benki, wa juu anashuka, wa pili anapanda. LIMIT 1 iko sahihi mara zote mbili.

#37 Nahodha wa Seva
Au 9026 alisomwa kupitia kigawanyaji na wewe umepima kwa psql (zana ya amri ya PostgreSQL) moja kwa moja kwenye seva kuu. Hiyo f haithibitishi programu inasoma wapi. Endesha pg_is_in_recovery() kutoka *ndani ya programu*, na washa log_min_duration_statement = 0 kwa mtumiaji wa programu kwa dakika kumi, uone kweri yenyewe inafika seva ipi na ikiwa na mteja_id gani.

#38 Dagaa Mchele
Siti yangu ya mbele bado ninayo. Kokoto leta logi.